Vifungo vya Kushoto

Niliicheka kabla hata taa hazijawashwa.
Ukumbi wa zamani karibu na stesheni ya Moshi,
viti vya mbao, watu mia na ushee, na kunguni wao.
Mangi alipochomoza mgombani
na koti jekundu alilopewa na Mjerumani,
mikono imemzidi hadi vidole havionekani,
mtu wa nyuma akapaza sauti:
"Hilo la Kiborloni hilo! Mia tano, chagua!"
Ukumbi ukapasuka.
Nami nikatoa kalamu.

Maneno mia tatu. "Filamu ya Mitumba,"
ndicho kichwa cha habari nilichoipa.
Nilihesabu makosa kama karani wa mizani ya kahawa:
zipu kwenye suruali ya askari,
alama ya saa kwenye kiwiko cha mke wa Mangi,
nguzo ya umeme iliyovishwa majani ya mgomba,
majani yakanyauka kabla ya kamera kufika.
Koti lilipata aya yake peke yake:
vifungo viko kushoto, niliandika,
mtawala wetu kavikwa vazi la kike.
Nilijiona nimesoma.

Siku ya tisa bango likabanduliwa.
Mwongozaji, Aminieli Lyatuu, akauza pikipiki,
akarudi Uru kufundisha jiografia.
Sikumwaza tena.

Masika haya, umeme umekatika,
mjukuu wangu Nderingo anayo kwenye simu.
Kaipata wapi, sijui; vitoto hivi vinafukua makaburi.
Tukaitazama jikoni, kioo sawa na kiganja,
mvua inatwanga bati, neno halisikiki.
Labda ndiyo maana niliona.

Mzungu halifungui sanduku.
Analisogeza kwa ncha ya kiatu.
Mangi analivaa koti, mkono wake wa kulia
unatafuta kifungo mahali kinapopaswa kuwa.
Hakipo.
Unatafuta tena.
Mkalimani anatazama vidole vya miguu yake.
Mzungu anatazama bonde, anapima kwa macho
toka mfereji hadi msitu.
Na Mangi, mbele ya wazee wake,
anajifunza polepole kufunga kwa mkono wa kushoto.

Dakika nzima. Mimi niliita uzembe wa mhariri.

"Babu," Nderingo akasema,
"kwa hiyo kampa koti kuukuu la mkewe?"

Sikujibu. Chai ilikuwa imepoa.
Bonde zima, kwa nguo iliyomchosha mwanamke mmoja
ng'ambo huko, kwenye baridi yake.
Na sisi mpaka leo, Jumamosi asubuhi,
tumeinamia marobota,
tunanusa kabati za watu tusiowajua
na kuulizana: limenikaa?

Nikakata jani la isale nyuma ya nyumba,
nikashuka nalo Kiborloni.
Bi Eliakunda yupo bado, cherehani ileile,
jina lake la mwisho kabisa kwenye filamu, herufi ndogo.
Nikamuuliza habari ya vifungo.

"Nilikuwa na makoti mawili," akasema, uzi mdomoni.
"La kiume lilimkaa sawasawa.
Aminieli akalivua. Akasema,
niletee linalomkataa."

Nikamnyoshea isale. Akalitazama
kama mtu anayepewa noti iliyochanika.
"Hilo si langu. Mpelekee mwenyewe.
Amelala Uru, chini ya mparachichi,
mwaka wa sita huu."

Nikasimama pale, jani mkononi,
watu wananipita na mifuko yao.
Akakanyaga cherehani, hatua tatu, akasita.

"Ila zile zipu za askari," akasema,
"zile tulikosea kweli.
Hela ya vifungo iliisha."